Kugonga Bega Mara Moja

Juzi nilikuwa saluni, hapa hapa Kibaoni, nasubiri zamu yangu ya kusuka. Binti aliyekaa pembeni yangu akafungua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ile ya bei ya chini ambayo harufu yake inapanda puani kama petroli. Wenzangu wakaendelea kucheka na umbea wao. Mimi nikasikia fimbo zinagongana. Nikasikia panga likitua kwenye kitu kigumu na kwenye kitu laini kwa wakati mmoja, na nikajikunyata kitini mpaka msusi akaniuliza, "Dada, una malaria?"

Nikamwambia nina njaa. Njaa ni rahisi kuieleza.

Kama umekulia Ifakara na umri wetu unakaribiana, huenda wewe pia uliwahi kulikimbilia gari letu. Lilikuwa la njano, fupi, bapa, limelala chini kiasi kwamba mbwa wa jirani alikuwa analitazama kwa juu. Halikuwa na milango wala paa. Lilikuwa na viti viwili tu, na kioo cha mbele kidogo kama cha kujitazamia uso. Ukitaka kuingia unainua mguu, unautumbukiza, halafu unajishusha polepole kama mtu anayeingia kwenye beseni. Mama alisema gari lile hulipandi, unalivaa. Watoto wa mtaa wakaliita Kandambili, na jina likaganda. Tulikuwa tukipita, wanapiga makofi na kuimba, "Kandambili! Kandambili! Moja iko wapi?" Kwa maana ndala huwa mbili, na letu lilikuwa peke yake duniani.

Lilikuja ndani ya makreti mawili ya mbao. Mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa na kazi za barabara aliliagiza kwao likiwa vipande vipande, aliunganishe mwenyewe jioni za kujifurahisha. Mkataba wake ukaisha kabla hajafunga hata gurudumu. Baba alikuwa akimchomelea vyuma, basi akaachiwa makreti yote na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa Kiingereza kuanzia jalada mpaka jalada. Baba aliishia darasa la saba. Alikifungua kile kitabu, akageuza kurasa mbili tatu, akasema, "Picha hazina lugha."

Nadhani ndiyo maana mpaka leo siogopi jambo nisilolijua. Nilimwona mtu akiunga gari la kizungu kwa kutazama picha.

Lakini msidhani liliungwa kwa upole. Gari lile lilizaliwa kwa vipigo. Baba alilipiga nyundo, nalo likampiga yeye. Jeki iliteleza ikamng'oa ukucha mzima wa mguu, akamwaga damu kwenye pumba za mpunga tulizotandaza chini, akafunga kitambaa, akaendelea. Injini haikuwemo kwenye kreti, ikabidi itolewe kwenye gari dogo lililopinduka njiani, na ilipofika nyumbani bado ilikuwa na nywele za mtu zimenasa kwenye feni. Baba akazitoa taratibu, akazifukia nyuma ya choo.

Halafu kulikuwa na Baba mdogo. Huyu ni mdogo wake Baba wa kuzaliwa tumbo moja. Alikuwa analima mpunga huko chini, mbele ya Mchombe, na injini ile aliitaka kwa ajili ya kuvuta maji shambani kwake. Alikuja nayo hoja ile jioni moja tunakula.

"Kaka, mimi nalima mdomo wa watu, wewe unachonga mdoli," alisema.

"Mdoli huu utakupeleka hospitali siku ukiumwa," Baba alimjibu huku anacheka.

"Utampeleka mkeo na ng'ombe za kwao! Wiki iliyopita wamenilia robo eka. Shemeji zako wanakula mpunga wangu, na wewe unawakalia kwenye ngozi yao."

Ni kweli, viti vya Kandambili vilikuwa vya ngozi ya ng'ombe. Viti vya kwenye kreti vilikuwa vimeliwa na panya, na Babu, baba yake Mama, akatupa ngozi ya dume lake moja kama zawadi kwa mkwe. Mama ni Msukuma. Wazazi wake walihamia bondeni na mifugo yao yeye akiwa msichana mdogo. Baba ni Mpogoro wa hapa hapa. Kwa hiyo mimi ni mpunga na ng'ombe katika sahani moja, na kwetu sahani hiyo ilikuwa haikosi makelele.

Sijui nani alianza. Nakumbuka sinia likiruka, mchuzi ukiwa ukutani, Baba na Baba mdogo wakibingirika chini ya gari lisilo na magurudumu, na Mama akipiga kelele kwa Kisukuma. Walipoachana, Baba mdogo alikuwa ameshika mdomo. Jino lake moja lilikuwa limelala kwenye pumba, jeupe, lina mzizi mwekundu. Wakubwa wote walikuwa wanahema. Mimi nikaliokota, nikatoka nje mbio, nikalirusha juu ya bati, kama tunavyofanya watoto meno yetu yanapong'oka, ili Baba mdogo aote jingine. Nilikaa wiki kadhaa nikimchungulia mdomoni kila akija. Niliamini kabisa. Siku aliponigundua aliuliza, "We mtoto, unatafuta nini humu?" Nikamwambia. Akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. Ndivyo alivyokuwa. Mkono uleule uliopiga ndio uliokumbatia.

Kandambili likatembea. Na likishatembea, ndugu zangu, kazi ndiyo inaanza. Gari jepesi namna ile kwenye barabara zetu za makorongo linacheza ngoma. Kila safari moja, nusu ya bolti zimelegea. Baba akavumbua dawa. Alichukua rangi ya kucha ya Mama, nyekundu, akanifundisha kuchora mstari mwembamba unaoanzia juu ya nati na kuishia kwenye chuma. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijazunguka. Mstari ukikatika, spana. Hiyo ikawa kazi yangu kabla ya kila safari, kulala chali chini ya gari na tochi, nikihesabu mistari. Mama alilalamika kwamba gari lina kucha nzuri kuliko za kwake.

Kazi yangu ya pili ilikuwa masikio. Ekzosi ya gari lile ilipita karibu na mlango ambao haukuwepo, upande wa dereva, na tukisafiri Jumapili iliunguruma mpaka Baba akawa anashinda Jumatatu nzima hasikii. Basi safarini alikuwa anaziba masikio kwa pamba, na mimi, niliyekaa kushoto mbali na ekzosi, nilikuwa nasikia kwa niaba yake. Tulikuwa na lugha yetu. Nikisikia honi, lori, au mtu anapiga kelele, ninasikiliza vizuri. Kama ni jambo la kawaida, namgonga begani mara moja: twende. Kama ni hatari, namgonga mara mbili: simama. Baba alikuwa akisimama papo hapo bila kuuliza. Nilimsimamisha mara moja kwa sababu ya kobe. Hakunigombeza. Alishuka, akambeba kobe, akamvusha.

Nilikuwa na miaka kumi, na mwanaume mzima alikuwa anasimama kwa vidole vyangu viwili. Nilijiona waziri.

Kulikuwa na sauti moja tu ambayo sikuwahi kufundishwa. Mama alinisimulia kwamba kwao mtu akivamiwa hupigwa mwano, yaani yowe la kuitana. Linaanzia nyumba moja, linadakwa na nyingine, mpaka linavuka bonde. Ukilisikia, unatoka na ulichonacho mkononi. Asiyetoka anatengwa, hata moto haombi kwa jirani.

"Hebu lipige nisikie," nilimwambia.

Akaniziba mdomo kana kwamba ni mimi niliyetaka kulipiga. "Yowe halipigwi kwa mfano. Likipigwa, mtu kafa au anakwenda kufa. Ukilipiga bure unalipa faini, na watu wanakucheka mpaka uzeeni."

"Sasa nitalijuaje?"

"Utalijua tu. Nywele zitakuambia."

Jumapili moja ya mavuno, barabara ikiwa imekauka, Baba aliniambia tunakwenda kwa Babu, huko huko mbele ya Mchombe, kumwonesha viti. Mimi nilijua tunakwenda matembezi. Nilivaa gauni la kanisani na miwani ya plastiki. Sikujua kwamba usiku uliotangulia Baba mdogo alikuwa amepiga simu, ng'ombe wameingia tena, na Baba alikuwa amemwambia: usifanye kitu, kesho nakuja mwenyewe niongee na mkwe. Hayo niliyajua baadaye. Asubuhi ile nilikagua mistari yangu yote chini ya gari, na yote ilikuwa imenyooka. Nikampa Baba taarifa: "Fundi, gari liko salama." Akanipigia saluti.

Safari yenyewe ilikuwa tamu kuliko ninavyoweza kuiandika. Milima ya Udzungwa kulia, bluu imefifia. Kushoto mpunga ulioiva, dhahabu tupu mpaka macho yachoke. Ukikaa kwenye Kandambili, tako lako liko shubiri moja na nusu kutoka ardhini, kwa hiyo hata mwendo wa kawaida unakuwa kama unaruka. Penye korongo kubwa tulikuwa tunasimama, vijana wanne wanajitokeza, wanalibeba gari kama jeneza, wanalivusha, na malipo yao ni kukaa kitini dakika moja wapigwe picha. Kila kijiji kilitushangilia. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilipunga mkono mpaka kwapa likaniuma.

Mchombe injini ikaanza kukohoa. Baba akasimama, akainama juu yake, akasafisha plagi kwa brashi ya waya. Mimi nilinunua karanga, sikumtazama tena. Tukaendelea.

Jina la kijiji kilichofuata sitalitaja. Watu wake tunasalimiana nao mpaka leo.

Ilianza mbali, upande wa mpunga. Sauti ndefu, nyembamba, inapanda na kukatika, inapanda na kukatika. Ikadakwa na nyingine mbele yake, halafu nyingine nyuma yetu, halafu kulia, chini ya mlima. Nilisikiliza kama nilivyofundishwa. Nikaona wanaume wanakimbia, wengine pembeni ya barabara, wengine wanakata shambani, fimbo mabegani, na wote wanaelekea tunakoelekea sisi. Mmoja alikuwa na kiatu kimoja tu. Nikasema moyoni: leo wametupokea! Habari za Kandambili zimetutangulia, wanaitana waje walione. Nikasimama juu ya kiti cha ngozi, nikavua miwani, nikawapungia wote.

Nywele hazikuniambia kitu.

Nikamgonga Baba begani. Mara moja.

Baba akakanyaga mafuta.

Tulipopinda kona, barabara ilikuwa imejaa watu wanaopigana. Sitaki kulipamba jambo lile. Nilimwona mtu akipigwa fimbo ya kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini kama mtu aliyekumbuka kitu. Nilimwona mwingine akikimbia ameshika sikio lake mwenyewe. Ng'ombe walikuwa ndani ya mpunga, mmoja amekatwa mguu wa nyuma, anajaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena. Vumbi, matusi ya lugha tatu, na mama mmoja kando ya barabara anapiga ungo kwa mwiko bila kukoma, pa pa pa, kana kwamba anafukuza ndege. Fimbo ikigonga fimbo inalia kavu. Fimbo ikigonga mtu hailii.

Baba aliliingiza Kandambili katikati yao, akapiga honi, akasimama. Sijui alitegemea nini. Labda alidhani watacheka, maana hakuna mtu aliyewahi kuliona gari lile asicheke. Na kweli, kwa muda mfupi sana, waliokuwa karibu waliganda. Halafu jiwe likaja, kioo cha mbele kikapasuka chote, na vita vikatufunika.

Mtu akaniangukia. Alitoka upande wa kushoto, akajirusha juu ya ubavu wa gari, kichwa chake kikatua mapajani kwangu, kizito, cha moto, kimefunguka juu ya sikio. Gauni langu likalowa papo hapo. Akafumbua jicho moja. Alikuwa Mjomba Maduhu, mdogo wake Mama, aliyenifundisha kupiga mluzi kwa majani.

"Mpwa," alisema. "Mbona upo hapa?"

Nyuma yake kuna mtu alikuwa anakuja na panga juu, kifua wazi, mdomo wazi, na katika ule mdomo nikaliona pengo. Nililijua pengo lile kuliko mtu yeyote duniani. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nadhani ni malezi tu. Mtu mzima wa ukoo wako akikujia, unamwamkia.

"Shikamoo, Baba mdogo."

Macho yake yaliniona. Naapa yaliniona. Lakini mkono ulikuwa umeshaanza safari, na panga likishaanza safari halisikii salamu. Likashuka kwenye kichwa kilichokuwa mapajani kwangu, na mkono wa kushoto wa Baba ukapita mbele ya uso wangu ukalipokea.

Ilikuwa ile sauti niliyowaambia.

Vidole viwili, kile kidogo na jirani yake. Kimoja kiliangukia kwenye sakafu ya gari karibu na karanga zangu. Baba hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba spana, "Mdogo wangu. Mdogo wangu."

Vita haviishi kama redio inavyozimwa. Kule mashambani viliendelea, na watu wawili hawakurudi nyumbani siku ile, mmoja wa huku, mmoja wa kule. Lakini kuzunguka gari paliingia ukimya. Baba mdogo alikuwa amesimama, panga limemtoka, anatazama mkono wa kaka yake unavyomwaga damu juu ya usukani.

"Geuza gari," mtu mmoja alisema.

Halikuweza kugeuka. Barabara ilikuwa nyembamba, gurudumu moja limetumbukia mtaroni, na injini imezimika. Mjomba alikuwa anapumua kwa kukoroma. Nilizijua hesabu zile bila kufundishwa: tukikaa pale, atafia mapajani kwangu.

Ndipo nikaona mikono. Mzee mmoja mwenye fimbo ya mchungaji akaiweka chini, akashika pembe ya mbele. Kijana wa mpunga, mundu kiunoni, akashika pembe ya pili. Mchungaji mwingine, damu puani, akashika nyuma. Pembe ya nne ilibaki wazi. Baba mdogo akasogea, akainama, akaishika.

"Moja, mbili," mzee alisema, "tatu!"

Wakatubeba. Baba, mimi, Mjomba, na vioo vyote vilivyovunjika. Watu wanne waliokuwa wakikatana dakika tano nyuma walilibeba Kandambili na sisi ndani yake, wakalizungusha taratibu katikati ya barabara, wakaliweka limeelekea Ifakara. Kisha wakasukuma mpaka injini ikawaka. Baba mdogo alikimbia upande wangu, ameshika ubavu wa gari, machozi yanachora mistari kwenye vumbi la uso wake.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Alikuwa bado analisema tulipomwacha.

Baba alivua shati akafunga mkono. Aliendesha kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameubana kwapani. Giya ziko kushoto. "Mbili!" alipaza sauti akikanyaga klachi, na mimi, nimekumbatia kichwa cha Mjomba kwa mkono mmoja, naivuta giya kwa mwingine. "Tatu! Rudisha mbili! Usimwachie kichwa! Tatu!" Mkono wangu uliteleza kwenye kitasa kwa sababu ya damu. Penye makorongo tuliruka tu, hakuna aliyetubeba. Vijiji vilevile vilitushangilia tena. Watoto walitoka mbio wakiimba, moja iko wapi, na mimi kwa mara ya kwanza sikupunga.

Mjomba alipokelewa hospitali akiwa hai, na mpaka leo yu hai, ana kovu linalopita juu ya sikio ambalo anawatisha nalo watoto. Mama alikuja anakimbia, kanga moja, peku. Hakuna aliyekuwa amemweleza kitu zaidi ya kwamba tuko hospitali. Alinikuta kwenye benchi, akanishika mikono, akaigeuza, myekundu mpaka chini ya kucha.

"Nani kakupa rangi yangu yote hii?" aliuliza kwa ukali. "Umeimaliza?"

Halafu akainusa. Nisingependa mtu yeyote amwone mama yake akinusa mikono yake vile.

Miaka imepita. Wakubwa walikaa, ng'ombe wa fidia wakatolewa, maneno yakasemwa, wengine wakapelekwa mbele ya sheria. Baba mdogo alikaa ndani kwa muda, akarudi mwembamba. Tangu alipotoka anakuja kila mwisho wa mwezi, bila kuitwa, kukaza bolti za Kandambili, kwa sababu mkono wa Baba hauwezi tena kubana spana ndogo. Anakaza, mimi nachora mstari. Hatuongei sana. Nikimwamkia, anaitikia mara tatu. Wageni wanadhani ni utani wetu.

Lakini kuna kitu nilikuwa nacho peke yangu. Mimi ndiye niliyekuwa masikio. Mimi ndiye niliyesikia yowe nikalifanya shangwe, nikagonga mara moja. Ningegonga mara mbili, Baba angesimama, kama alivyosimama kwa kobe, na leo angekuwa na vidole kumi. Nililala na jambo hilo shule ya msingi yote, nikalipeleka sekondari nilikofika kidato cha pili, nikalirudisha nyumbani. Kila nikimwona anashindwa kufunga kifungo cha shati, nilikuwa naondoka pale.

Juzi hiyo nilitoka saluni bila kusuka. Nikanunua kichupa kama kile cha yule binti, nikaenda nacho nyumbani. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi, anaosha plagi. Nikakaa karibu yake. Nikasema haraka, kama mtu anayetapika.

"Baba, siku ile ya kwa Babu, niligonga mara moja. Nilidhani wanatushangilia."

Hakuinua kichwa. "Najua uligonga mara moja. Si lilikuwa bega langu?"

"Ningegonga mbili ungesimama."

Akaiweka plagi chini. Akaingiza ule mkono wa vidole vitatu kwenye mfuko wa shati, akatoa donge la pamba, akanionesha. "Tulipotoka Mchombe, hii ilikuwa humu mfukoni. Injini ilikuwa inakohoa, nilitaka kuisikiliza. Yowe nililisikia kabla yako."

"Ulilijua?"

"Nilifundishwa siku ya kutoa mahari. Babu yako aliniambia: ukioa hapa, umeoa na yowe letu."

Nikahisi hasira, sijui kwa nini hasira ndiyo ilitangulia. "Sasa kwa nini hukusimama? Ulikuwa na mtoto kwenye gari!"

Baiskeli tatu zikapita barabarani zimebeba magunia.

"Nilimsahau mtoto," akasema. "Hilo ndilo kosa langu, na sijawahi kukuomba msamaha. Upande mmoja wakwe zangu, upande wa pili mdogo wangu. Ningesimama wapi, mwanangu?"

Sijui kama alikuwa ananiambia ukweli kuhusu pamba. Baba ni fundi, anajua kukaza kitu kilicholegea kwa chochote alichonacho mkononi. Sikumuuliza tena.

Jumapili tukaenda kwa Babu. Nililala chini ya gari na kichupa kipya, nikachora mistari yote upya, nikatoka nina vumbi mgongoni. Baba akalivaa gari, nikalivaa upande wangu. Kabla ya kuwasha, akatoa ile pamba, akaigawa mara mbili, akaziba sikio moja, akaziba na la pili, akazisukuma kwa kidole gumba mpaka ndani kabisa, huku ananitazama.

Nikasikiliza. Mashine ya kukoboa ng'ambo ya barabara. Mtoto analia, ameanguka, si sana. Lori linakuja kutoka stendi, likapita. Nikangoja mpaka vumbi lake likatulia, nikasikiliza tena mpaka mwisho wa mtaa.

Nikamgonga Baba begani, mara moja.